Maswali Yenu: "Mwanafunzi wangu haoni, anataka kuwa programa"

Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache tu habari za Profesa Richard Ladner wa Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle, Marekani, mtaalamu wa kompyuta ambaye nusu ya maisha yake ya kazi ameitumia kuhakikisha wasioona na viziwi wanaisoma sayansi ya kompyuta kama wenzao. Basi meseji zimemiminika. Nimechukua chache zinazogusa wengi, nimezifupisha, na majina nimeyaacha.

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha sekondari mkoani Tanga, shule yetu ni jumuishi. Nina mwanafunzi wa kidato cha pili, haoni kabisa tangu utotoni, hesabu za kichwa anawashinda wote darasani na ameng'ang'ania anataka kuwa programa. Walimu wenzangu wananiambia nisimpe mtoto matumaini hewa, kompyuta ni kitu cha macho, asome Kiswahili na Historia aje awe mwalimu au mwanasheria. Huyo Ladner uliyemwandika, naye haoni? Na hao anaowasaidia wamefika wapi kweli, au ni stori za huko huko kwao?

Marahaba mwalimu mwenzangu. Ladner anaona na anasikia vizuri tu. Wazazi wake ndio walikuwa viziwi, baba na mama wote, na wote wawili walikuwa walimu katika Shule ya Viziwi ya California, enzi hizo ikiwa Berkeley. Kwa hiyo yeye kakulia kwenye nyumba ambayo kiziwi ndiye msomi, ndiye anayetoka asubuhi kwenda kufundisha, ndiye anayeleta mshahara. Mimi naamini mengi yameanzia hapo, maana mtu aliyekulia hivyo huwezi ukamwambia kiziwi ni wa kuhurumiwa akakuelewa.

Lakini ngoja nikwambie kitu ambacho watu wengi wakimwongelea wanakiruka. Huyu bwana, aliyezaliwa 1943, alichukua uzamivu wa hisabati Chuo Kikuu cha California pale Berkeley mwaka 1971 na mwaka huohuo akaajiriwa Washington, na kwa miaka mingi alikuwa mtu wa nadharia tupu, ile kompyuta ya kalamu na karatasi. Kuna maswali kompyuta inayatatua haraka, watu wa fani wanayaita kundi P, halafu kuna kundi NP ambalo ukipewa jibu unaweza kulihakiki haraka lakini kulitafuta mwenyewe ndiyo kazi, na mpaka leo hakuna aliyethibitisha kama makundi haya ni kitu kimoja au ni viwili tofauti. Mwaka 1975 Ladner akaonyesha kwamba kama ni tofauti kweli, basi lazima kuna maswali yanayokaa katikati, si mepesi kama ya P na pia si magumu kama yale magumu kupita yote ya NP. Hiyo hoja inafundishwa vyuoni kwa jina lake hadi sasa. Mwaka 1980 yeye na Michael Fischer wakatoa njia ya kufanya mahesabu ya mfululizo kwa mpigo badala ya moja baada ya jingine, na wanaosanifu saketi za kujumlisha ndani ya chipu wanaisoma mpaka leo.

Nayasema haya yote kwa sababu kuna dhana mbaya kwamba mambo ya walemavu ni kazi ya anayeshindwa sayansi ya kweli. Huyu alikuwa juu kabisa.

Miaka ya 1980 ndipo alianza kupenyeza, akashughulika na mfumo wa mawasiliano kwa watu ambao ni viziwi na pia hawaoni, wasome na kuandikiana kwa nukta nundu kupitia kompyuta. Ila kuhama kabisa ilikuwa miaka ya 2000 mwanzoni. Idara yao ilipokea mwanafunzi wa uzamivu asiyeona, na sasa tatizo ni hili, vitabu vya kompyuta maneno yake unaweza kuyageuza sauti au nukta nundu, je michoro? Grafu, miti ya data, saketi, kitabu kimoja kina mamia. Kuchora upya mchoro mmoja ili uguswe kwa vidole ilikuwa kazi ya mtu kukaa nao kwa mkono, anafuta maneno, anayaandika kwa nukta nundu, anarudisha mahali pake, anahakikisha hayagongani na mistari. Timu ya Ladner ikaandika programu za kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, kompyuta inatambua wapi pana maandishi kwenye picha, inayang'oa, inayageuza, inayarudisha, kisha mashine inachapa mchoro wenye mistari iliyoinuka. Kazi hiyo waliichapisha 2005. Ukiangalia vizuri, aliyetoa swali la utafiti ni mwanafunzi asiyeona, profesa alichofanya ni kulichukua swali lake kwa uzito uleule anaochukulia maswali ya P na NP.

Sasa turudi kwa mwanao. Wenzako wanaposema kompyuta ni kitu cha macho wanaongelea mausi na skrini, na hivyo ni vyombo tu, mtu alivitengeneza hivyo na mtu mwingine anaweza kuvitengeneza vingine. Programu yenyewe ni maandishi. Asiyeona anatumia kibodi na kisoma skrini, yaani programu inayomsomea kwa sauti kila kilichoandikwa, au kifaa cha nukta nundu kinachoinua vinukta mstari kwa mstari, na wazoefu wanasikiliza kwa spidi ambayo mimi na wewe hatuambulii neno. Anayekwama anakwama pale mwalimu anapoanza somo na Scratch, zile programu za kuburuta vipande vya rangi kwa mausi, kisoma skrini hakina cha kusoma pale, mtoto anakaa pembeni, kesho yake anaambiwa kompyuta imemshinda. Watu wameshafanyia kazi hilo. Kuna Code Jumper, ilianzia kwenye utafiti wa Microsoft na sasa inatolewa na American Printing House, taasisi kongwe ya Marekani ya vifaa vya wasioona, ambayo mtoto anaunganisha vidude kwa waya, kila kidude ni amri moja, akimaliza anasikia muziki au hadithi aliyoipanga. Na mwanafunzi mmoja wa Ladner, Lauren Milne, alitengeneza Blocks4All, vipande vilevile lakini kwenye tableti inayoongea, mtoto asiyeona anapanga amri na roboti linatembea.

Kwa umri wa kijana wako hayo ya watoto aachane nayo, aende kwenye maandishi moja kwa moja. Kuna lugha inaitwa Quorum, ya Andreas Stefik, ambaye baadaye alishirikiana na Ladner kwenye mradi wa AccessCSforAll, kupeleka kompyuta kwa wanafunzi wenye ulemavu mashuleni. Stefik alianza kwa kujiuliza kitu cha kawaida sana, kisoma skrini kinasomaje programu? Chukua lugha zilizojaa mabano, nuktamkato na alama za ajabu. Jicho linaziruka, sikio haliruki, sikio linasomewa fungua bano, funga bano, fungua bano la mkunjo, nuktamkato, na mtoto mpaka afike mwisho wa mstari ameshasahau mwanzo. Kwenye Quorum ukitaka kurudia kitu mara tano unaandika repeat 5 times, ukimaliza unaandika end, basi. Inasomeka kwa sauti kama sentensi.

Umeuliza wamefika wapi. Ted Henter alikuwa injinia na mkimbiza pikipiki, akapofuka kwa ajali ya gari 1978, akasomea programu, na 1989 kampuni yake ikatoa JAWS, kisoma skrini ambacho kimeajirisha wasioona dunia nzima. T. V. Raman wa India alipoteza macho akiwa na miaka 14, akaenda Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1994 akamaliza uzamivu kwa kutengeneza mfumo unaosoma hesabu ngumu kwa sauti, akaja kufanya kazi Google. Chieko Asakawa wa Japani, naye alipofuka akiwa na miaka 14, ndiye kinara wa kisoma tovuti cha IBM cha 1997 na tangu 2021 anaongoza makumbusho ya taifa ya sayansi pale Tokyo, Miraikan. Michael Curran na James Teh, vijana wawili wa Australia wasioona, ndio wa NVDA, kisoma skrini cha bure ambacho ndicho nitakuambia uweke kwenye kompyuta ya shule. Ukitazama orodha hiyo utaona wote waliona tatizo kwa sababu liliwabana wao wenyewe na wakawa na ujuzi wa kulitatua.

Ombi langu kwako ni moja tu mwalimu, msimwondoe kwenye hesabu. Hapo ndipo nawalaumu kabisa wenzetu, mtoto asiyeona anasukumwa kwenye masomo ya sanaa kwa sababu mwalimu hajui kuandika sehemu na vipeo kwa nukta nundu, halafu miaka minne baadaye chuo kinamwambia huna sifa za kusoma kompyuta. Nukta nundu za hisabati zipo siku nyingi, mfumo mmojawapo aliutunga Abraham Nemeth, mwanahisabati asiyeona, ukachapishwa 1952. Mtoto anayewashinda wenzake kwa hesabu za kichwa, kesi yake ni ya kumtafutia mwalimu, fanya kila uwezalo mpaka apatikane.

Mambo Mwalimu. Mdogo wangu haoni, ameanza lugha ya programu ya Python kwenye laptopu, shida yake zile nafasi za mwanzo wa mstari ambazo Python inazihesabu, anakosea hajui zipo ngapi. Ahamie hiyo Quorum? Kaka mtu, Mbeya.

Poa. Kama ameshaanza Python asiiache, vitabu ni vingi, wenzake wa kumsaidia ni wengi na kazi zipo. Aingie kwenye mipangilio ya NVDA, sehemu ya mpangilio wa maandishi, awashe kutaja nafasi za mwanzo wa mstari, anaweza kuchagua isemwe kwa maneno au ilie mlio, nafasi zikiongezeka mlio unapanda. Wengi wanapenda mlio, haukatizi usomaji. Na aandikie kwenye VS Code, inaelewana vizuri na visoma skrini. Quorum ningempa anayeanza kabisa, hasa kama kuna mwalimu wa kukaa naye.

Habari Mwalimu, nipo Nairobi, nasoma sayansi ya kompyuta mwaka wa pili. Mimi sina ulemavu wowote lakini niliposoma habari za huyo profesa nikahisi ndiyo kazi ninayoitaka. Sasa nauliza mambo mawili, moja nianzie wapi, pili nisionekane natafuta jina kwa migongo ya walemavu, maana nimeona miradi mingi ya aina hiyo, picha zinapigwa, mwaka ukiisha kila mtu ameenda zake.

Nzuri mdogo wangu. Swali lako la pili ndilo zuri zaidi kwa hiyo naanza nalo. Ladner mwenyewe ameliandikia, mwaka 2015 alitoa makala akieleza ngazi za kutengeneza vitu. Ukitengeneza kitu bila kumuuliza mtumiaji, hiyo ni ya chini. Ukimwita aje akijaribu mwishoni, afadhali. Ukikaa naye tangu kuchora wazo, vizuri zaidi. Ila anachotaka yeye ni mtumiaji awe na uwezo wa kukijenga mwenyewe, yaani kiziwi na asiyeona wawe ndani ya timu kama mainjinia, wapange, waandike programu, wapime. Ndiyo maana hakutosheka kutengeneza vifaa, akaingia kwenye elimu, kwa sababu huwezi kuwa na mainjinia wasioona kama hakuna aliyewafundisha. Mwaka 2006 yeye na Sheryl Burgstahler wakaanzisha AccessComputing kwa fedha za mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani, na kazi yake si ya picha hata kidogo, ni kumtafutia mwanafunzi mwenye ulemavu mlezi wa kitaaluma, nafasi ya mazoezi kazini, nauli ya kwenda kwenye mkutano wa wanasayansi, na kukaa na wahadhiri kuwaonyesha kozi zao zinambana nani. Mambo ya polepole haya, hayapigiwi makofi. Kwa hiyo kipimo unacho, kwenye mradi wako mwenye ulemavu ni nani? Kama ni wa kujaribishia tu na jina lake halipo kwenye kazi, hapo ndipo pa kuona aibu. Akiwa mwenzako wa kuandika programu, huna haja ya kujieleza kwa mtu.

Kuhusu kuanza, nakusihi usikimbie masomo magumu. Nikupe mfano wa MobileASL, mradi wa Ladner na mwenzake Eve Riskin pamoja na wanafunzi wao. Viziwi walitaka kuongea kwa lugha ya alama kwenye simu za mkononi enzi ambazo intaneti ya simu ilikuwa nyembamba mno, video ikipita pale inakuwa ukungu, vidole havionekani. Wao wakajiuliza kiziwi akimtazama mwenzake jicho lake linakaa wapi, jibu ni usoni kwanza, kwa sababu uso kwenye lugha ya alama unabeba sarufi, halafu mikononi. Basi wakaufundisha mfumo wa kubana video utumie data nyingi kwenye ngozi ya uso na mikono na data kidogo kwa ukuta wa nyuma na shati. Kisha betri, simu ilikuwa inakufa haraka, wakaifanya itambue sasa huyu hatoi alama, anamsikiliza tu mwenzake kwa macho, ikapunguza idadi ya picha za video kwa kila sekunde mpaka atakapoanza tena. Umeona hapo? Mtu mwenye huruma tupu asingeweza kufanya hata robo yake, na bingwa wa kubana video asiyewajua viziwi angeboresha picha nzima na kupoteza data kwenye pazia.

Au chukua Stefik tena. Hakukaa akaamua tu kwamba Quorum ni rahisi, alipima. Aliwachukua watu ambao hawajawahi kuandika programu, wengine akawapa Quorum, wengine Perl, lugha ya programu ya siku nyingi, wengine lugha ambayo baadhi ya alama zake zilichaguliwa kwa kubahatisha kabisa. Wa Perl hawakufanya vizuri kuliko wa lugha ya kubahatisha kwa kiasi cha kuhesabika. Hiyo ilitoka 2011 na iliwauma watu, maana inasema vitu vingi tunavyowapa wanaoanza vimewekwa kwa mazoea. Hata neno for, ambalo kila kitabu kinaanza nalo kufundisha marudio, wageni wa fani waliliona halieleweki, repeat ndiyo wakaielewa. Kwa hiyo jifunze takwimu na namna ya kupanga majaribio, fani hii inazitaka kuliko watu wanavyodhani.

Wiki hii fanya hivi. Washa TalkBack, kisoma skrini cha simu yako ya Android, zima mwanga wa skrini, fungua apu uliyoandika wewe mwenyewe kwa ajili ya kozi, jaribu kujisajili. Kama ni kama apu nyingi utasikia "kitufe, kitufe, kitufe" bila jina, kwa sababu uliweka picha ya bahasha au ya kikapu na hukuandika inaitwaje. Rekebisha. Halafu nenda kampasi ukamtafute mwanafunzi asiyeona, wapo, mwombe muifanye tena pamoja na umsikilize anavyolalamika. Mradi wa mwaka wa mwisho tayari huo.

Na ajira usiiogope. Marekani serikali haitakiwi kununua mifumo ambayo mwenye ulemavu hawezi kuitumia, Ulaya sheria yao ya ufikivu imeanza kutumika tarehe 28 Juni 2025 na inagusa biashara za mtandaoni, benki, tiketi, vitabu vya kielektroniki, kwa hiyo kampuni ya Nairobi inayouza huduma huko itahitaji mtu anayeyajua haya. Kenya nako kulitoka viwango vya taifa vya ufikivu wa huduma za TEHAMA 2022. Ukitaka njia ya chuo kama ya Ladner, ujue ni ndefu, yeye alianza kuvuna kwenye elimu jumuishi akiwa na zaidi ya miaka 60, ila wanafunzi wake hawakusubiri hivyo. Jeffrey Bigham akiwa bado mwanafunzi wake alitoa WebAnywhere 2008, kisoma tovuti kilichofanya kazi kwenye kompyuta yoyote ya maktaba yenye intaneti bila kusakinisha kitu.

Asalaam aleikum Mwalimu. Mimi ni mzazi wa Mombasa, binti yangu ni kiziwi ana miaka 13, anasoma na wanaosikia na ana mkalimani wa lugha ya ishara. Ameanza somo la kompyuta na nilidhani hili ndilo litakuwa jepesi kwake kwa kuwa kompyuta ni kuona tu, lakini ndilo analofeli. Mwalimu wake asema hazingatii. Nyumbani simuoni hivyo.

Waaleikum salaam dada yangu. Mimi nakubaliana na wewe, na sababu nadhani naijua. Fikiria somo lenyewe lilivyo. Mwalimu yuko mbele, amewasha projekta, anaandika programu huku anaeleza, "hapa naweka jina, hapa nabadilisha namba, oneni kilichotokea." Wenzake wanasikiliza kwa masikio na macho yako kwenye skrini. Binti yako ana macho tu, na maelezo yako mikononi mwa mkalimani. Akimtazama mkalimani anakosa kilichobadilika kwenye skrini, akitazama skrini anakosa maelezo, na kwenye kompyuta herufi moja ikibadilika ndiyo somo lenyewe. Mtu akimwangalia toka nje anaona mtoto macho yanahangaika huku na huku, anasema hazingatii. Anazingatia kuliko wote mle ndani, amechoka.

Anna Cavender, mwanafunzi mwingine wa Ladner, utafiti wake ulikuwa juu ya jambo hilihili, aliweka mkalimani, slaidi na maandishi ya maneno ya mwalimu kwenye skrini moja mbele ya mwanafunzi kiziwi, na sehemu ikibadilika mfumo unamshtua atazame pale. Nyinyi hamhitaji mfumo huo ili kuanza. Mwombe mwalimu, kwa upole lakini bila kuona haya, maana ni haki ya binti, anyamaze anapoandika na asiandike anapoongea. Ampe programu ya siku hiyo kwenye karatasi kabla ya kipindi. Mkalimani akae karibu na skrini, si kona nyingine ya darasa. Nimeona haya matatu peke yake yakibadilisha darasa, na wanaosikia nao wanafaidika.

Kuna la pili, maneno ya fani. Mkalimani akikutana na istilahi ya kompyuta ambayo haina alama ataiandika kwa vidole herufi kwa herufi, muda unapita. Chuo cha Ladner walianzisha mahali mtandaoni ambapo viziwi wanasayansi waliweka video za alama wanazozitumia kwa maneno ya sayansi, wengine wakazipigia kura, ila zile ni za lugha ya alama ya Marekani, ya Kenya ni lugha nyingine. Mwambie binti, mkalimani na viziwi wakubwa mnaowajua wakubaliane alama zao za mambo ya darasani na wazirekodi kwa simu. Video za masomo mtakazomtafutia ziwe na maandishi chini yaliyoandikwa na mtu, yale ya kujiandika yenyewe yanaharibu sana maneno ya kompyuta.

Na kwa miaka kadhaa kuanzia 2007 chuo cha Ladner kilikuwa kinawakusanya vijana viziwi kila kiangazi, wanasoma programu za mwaka wa kwanza chuoni na wanakutana na viziwi waliokwisha kuajiriwa kwenye makampuni ya kompyuta. Hilo la kukutana ndilo ningelitafuta kwa hali yoyote, hata kwa simu ya video, binti amwone kiziwi mtu mzima anayeishi kwa kazi hii.

Mwalimu, hayo yote ni ya wenye hela. Sisi shule yetu huku Kigoma ina kompyuta tatu na umeme wa kuvizia. Unatushauri nini sisi? Mwenyekiti wa bodi ya shule.

Mheshimiwa, hoja yako ni ya kweli, vifaa vya nukta nundu vya kompyuta vingi bei yake inazidi laptopu yenyewe, hata Orbit Reader ambayo ilibuniwa ili kushusha bei bado ni mzigo kwa shule. Kwa hiyo anzeni na sauti. NVDA haina malipo, na mnaweza kuiweka kwenye flashi, mwanafunzi akachomeka kwenye kompyuta yoyote kati ya hizo tatu ikaongea. Laptopu za mtumba zilizovunjika skrini zinauzwa kwa bei ya kutupa, na kwa asiyeona skrini ikipasuka hakuna alichopoteza, fundi awasaidie tu siku ya kusakinisha kwa kuunganisha na skrini nyingine. Simu ya Android ina TalkBack ndani yake tayari, ukichomeka kibodi ya USB kwa ule waya mfupi wa kuunganishia inakuwa mashine ya kuandikia, na simu inavumilia umeme wa kuvizia kuliko kompyuta. Nunueni spika za masikioni, kila mtoto zake, bila hizo darasa la visoma skrini vinne ni kelele tupu.

Kama mnataka kuona palipofanyika kwa majirani, tazameni Kenya, shirika la inABLE la Irene Mbari-Kirika, lilianza 2009 na likaweka maabara za kompyuta kwa wanafunzi wasioona pale Thika. Andikieni barua, mkaulize waliwafundishaje walimu, maana kompyuta bila mwalimu aliyefundishwa huishia kufunikwa kitambaa.

Sauti ya Kiswahili ipo ndani ya NVDA, chagueni eSpeak kisha Kiswahili kwenye orodha ya sauti. Mwanzo itawasikia kama roboti, punguzeni spidi, baada ya muda watoto wenyewe wataipandisha. Wakifika kwenye kuandika programu wabadilishe kwenda sauti ya Kiingereza, kwa sababu amri za programu ni za Kiingereza na sauti ya Kiswahili inazisoma vibaya mpaka hazitambuliki. Kubadilisha ni kwenye mipangilio hiyohiyo ya sauti. Mkikwama niandikieni na mseme kompyuta zenu ni Windows ipi.